Mzuzu hadi Karonga: umbali na muda wa safari kwa ndege

Viwanja vya ndege vya Mzuzu na Karonga, vyote katika Mkoa wa Kaskazini wa Malawi, vimetengana kwa takribani kilomita 165 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara kuu ya M1, safari kati ya miji hiyo miwili ni kilomita zipatazo 225, yaani zaidi ya theluthi moja ya ziada.

Tofauti hiyo inatokana na sura ya nchi. Mzuzu uko katika nyanda za juu, mita zipatazo 1,250 juu ya usawa wa bahari, ilhali Karonga uko kando ya Ziwa Malawi, chini ya mita 550. Barabara hulazimika kupita bonde la mto Rukuru Kusini, kuteremka kwa kona kali hadi Chiweta, kisha kufuata ufuo wa ziwa. Ndege huelekea kaskazini moja kwa moja, ingawa rubani hana budi kupaa juu vya kutosha, kwa kuwa kilele cha juu kabisa cha Nyika, magharibi mwa njia hiyo, huzidi mita 2,600.

Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa hukata kilomita 165 kwa dakika 33. Ukiongeza muda wa kuruka, kupaa na kutua, safari hukaribia dakika 45. Gari dogo huhitaji saa nne hivi, na basi linalosimama vituoni huchukua muda mrefu zaidi.

Hesabu hii ina uzito mkubwa kwa wagonjwa. Hospitali Kuu ya Mzuzu ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa huo, na mgonjwa anayehamishwa kutoka Karonga kwa gari hupanda mlima ule ule wa Chiweta. Hivyo, anayeuliza hospitali iko umbali gani hana budi kuuliza saa, wala asitosheke na kilomita za ramani.

Kwa wakazi wa Lilongwe, kiwanja cha kuanzia ni Kamuzu, kilichoko Lumbadzi, kaskazini mwa jiji. Kutoka hapo hadi Mzuzu ni kilomita 260 hivi angani, na hadi Karonga ni takribani 425. Wakazi wa Dzaleka, wilayani Dowa, hufika Lumbadzi bila kupita katikati ya jiji. Wanaotoka Mitundu, kusini, hulazimika kwanza kulivuka jiji. Muda huo wa barabarani, pamoja na wa ukaguzi kiwanjani, uhesabiwe kuwa sehemu ya safari.

Wengi wa wasikilizaji wetu wa Dzaleka waliingia nchini kupitia mpaka wa Songwe, kaskazini mwa Karonga. Wanaopokea wageni kutoka huko wakumbuke kwamba saa za Malawi ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja: ikiwa saa nne asubuhi Mbeya, Karonga ni saa tatu. Burundi na Rwanda hutumia saa sawa na za Malawi, kama ilivyo mashariki mwa Kongo. Anayepanga kuunganisha basi na ndege athibitishe ratiba zote mbili ni za saa za nchi gani.