Superman na waliomwiga: nani alichukua, na nani alilipwa?

Mwaka wa 1948, katika mahakama moja ya New York, mawakili wa kampuni mbili walishindana juu ya vitabu vya katuni vya watoto. Upande mmoja ulisema: shujaa wenu ni kopi ya shujaa wetu. Upande wa pili ulikana. Ili kuuelewa ugomvi huo, inafaa kurudi nyuma miaka kumi.

Superman alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1938, katika toleo la kwanza la gazeti la katuni Action Comics. Waliomtunga ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, wote wenye miaka 23: Jerry Siegel aliandika hadithi, Joe Shuster akachora. Kabla gazeti halijatoka, walitia sahihi na kuuza haki zote za shujaa huyo. Bei ilikuwa dola 130.

Gazeti liliuzwa sana, na kampuni zingine zikataka nazo kuwa na mtu wao mwenye nguvu. Mwaka wa 1939 kampuni ya Victor Fox ilitoa Wonder Man. Wenye Superman wakashitaki. Mwaka wa 1940 mahakama ya rufaa ilisema kwamba wazo la mtu mwenye nguvu anayesaidia wanyonge ni la wote, kama hadithi za kale za Hercules. Lakini kuchukua matukio ya mwenzako moja baada ya jingine haikubaliki. Mahakama iliona kwamba tofauti ya kweli kati ya hao wawili ilikuwa rangi ya nguo: mmoja bluu, mwingine nyekundu. Wonder Man alikuwa ametokea mara moja tu, na hakurudi tena.

Captain Marvel alikuwa na mambo mengine. Kampuni ya Fawcett ilimtoa mwaka wa 1940, akitungwa na Bill Parker na mchoraji C. C. Beck. Nguvu zake zilifanana na za Superman. Ila ndani yake mlikuwa na mtoto yatima, Billy Batson, mtangazaji wa redio. Billy akitamka neno moja, Shazam, radi inapiga naye anageuka mtu mzima mwenye nguvu. Mtoto aliyesoma hakuhitaji kuzaliwa kwenye sayari nyingine kama Superman. Neno moja lilitosha. Katika miaka hiyo ya 1940, kuna wakati magazeti yake yaliuzwa kuliko yale ya Superman.

Kesi ilianza mwaka wa 1941 na kuendelea miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1953 Fawcett ilikubali kulipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha. Wakati huo biashara ya mashujaa ilikuwa imeshuka, na kupigana zaidi hakukuwa na faida.

Huko Uingereza, mchapishaji aliyekuwa akiuza hadithi za Captain Marvel akabaki bila bidhaa. Mwaka wa 1954 Mick Anglo akamtengenezea Marvelman. Neno la Shazam likawa Kimota, yaani neno la Kiingereza la atomiki lililogeuzwa nyuma mbele. Kopi ya aliyeitwa kopi ikaishi hadi mwaka wa 1963.

Kilichofuata kinashangaza. Mwaka wa 1972 kampuni ya Superman, ile ile iliyomshitaki Captain Marvel, ilikodi haki za kumchapisha kutoka kwa Fawcett. Lakini jina Captain Marvel lilikuwa limeshachukuliwa na kampuni ya Marvel kwa shujaa mwingine, kwa hiyo gazeti likapewa jina la Shazam!

Na wale vijana wa Cleveland? Katika kesi zote hizo, aliyelindwa ni mwenye karatasi ya mauzo. Siegel na Shuster waliposhitaki mwaka wa 1947, hawakurudishiwa Superman, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi zake. Ni mwaka wa 1975, baada ya kilio chao kufika kwenye magazeti, ndipo kampuni ilipokubali kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Shuster, aliyemchora Superman kwa mara ya kwanza, wakati huo alikuwa karibu kipofu.