Mafunzo ya nadharia ya ndege zenye injini nyingi

Mafunzo ya nadharia ya ndege zenye injini nyingi ni masomo ya darasani yanayomwandaa rubani aliyezoea ndege ya injini moja kabla hajaanza kurusha ndege yenye injini mbili au zaidi. Sehemu kubwa ya masomo hayo inahusu hali moja: injini moja kuzimika wakati nyingine inaendelea kufanya kazi.

Katika Afrika ya Mashariki marubani wamefunzwa kwa miaka mingi katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Nchini Tanzania leseni za marubani hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Injini moja inapozimika

Ndege ya injini mbili ikipoteza injini moja hupoteza nusu ya nguvu zake, lakini uwezo wake wa kupanda unaweza kupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayobaki hutumika kuiweka ndege hewani tu.

Pia injini inayofanya kazi huisukuma ndege igeuke kuelekea upande wa injini iliyozimika. Rubani huizuia kwa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia. Mguu usiokanyaga humwonyesha upande wa injini iliyozimika. Baada ya kuhakikisha, hugeuza mapanga ya propela yake yakae sambamba na upepo ili yasiivute ndege nyuma.

Mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani, usukani hauwezi tena kuizuia ndege kugeuka. Kwenye ndege ndogo kiwango hicho huonyeshwa kwa mstari mwekundu katika kipimamwendo. Mstari wa buluu huonyesha mwendo wa kupanda vizuri zaidi kwa injini moja.

Nyanda za juu

Mwinuko na joto hubadilisha hesabu hizo. Nyanda za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma zina sehemu zinazokaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,200 katika hali ya kawaida. Injini ya pistoni isiyo na tabo hupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake.

Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kusoma majedwali ya ndege kabla ya kuruka: uzito wa mizigo na abiria, urefu wa kiwanja, na kama ndege itaweza kupanda kwa injini moja. Jibu likiwa hapana, hupunguza mzigo au husubiri ubaridi wa asubuhi.