Uzito na Upepo: Kani za Ndani katika Kenchi za Mapaa ya Moba

Kenchi ya paa ni umbo la mbao zilizofungwa kwa pembetatu, na uimara wake hautokani na unene wa mbao bali na tabia ya pembetatu yenyewe, ambayo haiwezi kubadili umbo bila upande wake mmoja kurefuka au kufupika. Ndiyo maana katika hesabu kila kipande huchukuliwa kuwa kinavutwa au kugandamizwa kwa urefu wake tu, bila kupindwa, ilimradi mzigo uingie kwenye maungio. Kwa msingi huo Squire Whipple wa Marekani alichapisha mwaka 1847 njia ya kukokotoa kani ungio kwa ungio, na Luigi Cremona mwaka 1872 akaonyesha namna ya kuzipata kwa mchoro. Makala haya yanadai kwamba, kwa miji ya ufukwe wa Ziwa Tanganyika kama Moba, hesabu hiyo ikizingatia uzito wa paa pekee inaacha nje hali ambayo ndiyo huangusha majengo.

Ichukuliwe kenchi ya kawaida yenye nguzo ya kati: upana mita 8 na kimo mita 3, hivyo kila kombamoyo lina mita 5. Maungio yake ni manne na vipande vitano; vipande vitano pamoja na kani tatu za kwenye maegemeo vinafanya mambo manane yasiyojulikana, na kila ungio hutoa milinganyo miwili ya usawa, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, kwa hiyo hesabu hukamilika bila kuhitaji kujua ugumu wa mbao. Kenchi zikipangwa kila baada ya mita 3, na paa la bati pamoja na mbao zake likiwa na kilo 20 kwa mita mraba, kilele hubeba nusu ya uzito huo, takriban kilonyutoni 3, na nusu nyingine huingia ukingoni, moja kwa moja kwenye maegemeo. Kutokana na mzigo huo kila egemeo husukuma juu kwa 1.5, usawa wa wima kwenye ungio la pembeni unadai kombamoyo ligandamizwe kwa 2.5, na ule wa mlalo unadai boriti ya chini ivutwe kwa 2.

Nguzo ya kati, inayoonekana kana kwamba inabeba kilele, haina kani yoyote katika hali hii. Dari ikining'inizwa kwenye boriti, nguzo hiyo huvutwa, haigandamizwi, na fundi anayeikalisha juu ya boriti bila kuifunga amejenga kinyume cha kazi yake. Jambo hili linastahili kufundishwa kabla ya mlinganyo wowote.

Upepo ndio unaogeuza mambo. Moba ina bandari ufukweni na sehemu yake ya Kirungu juu ya kilima, na kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kando ya ziwa, mbali na dhoruba za masika. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la takriban nyutoni 500 kwa mita mraba, na ukifuata mgongo wa paa huku mlango ukiwa wazi, mfyonzo wa juu na msukumo wa ndani vinaweza kufikia kiasi hicho kwa jumla. Kwa sehemu yake ya wima, kilele cha kenchi hiyo huinuliwa kwa kilonyutoni 6, na baada ya kutoa uzito hubaki 3 kuelekea juu. Ukubwa wa kani haukubadilika, lakini ishara zote zimegeuka: kombamoyo linavutwa kwa 2.5 na boriti inagandamizwa kwa 2, ambapo boriti ndefu na nyembamba huweza kupinda kwa ubavu.

Ungio la pembeni lililochongwa ili kombamoyo lijikite ndani ya boriti hufanya kazi vizuri chini ya mgandamizo, lakini likivutwa lina misumari tu ya kulishikilia. Hapo ndipo boliti au ukanda wa chuma unapohitajika. Kila egemeo nalo, likijumlishwa mzigo wa ukingoni, huvutwa juu kwa kilonyutoni 3, sawa na uzito wa matofali 100 ya kilo 3, na waya uliofungwa kwenye safu ya juu ya ukuta wa udongo haukamati hata robo ya hayo, kwa hiyo unapaswa kushushwa ndani ya ukuta hadi safu zilizo juu yake zitimize uzito huo.