Jando, Majani Chai na Kauli ya Mama: Malezi ya Wavulana Kericho na Bomet

Mama anayelea mtoto wa kiume peke yake hupewa ushauri ule ule, awe Nairobi au Bomet: mtafutie mwanamume mwema wa kumwiga. Ushauri huo huchukulia kwamba wanaume wameadimika. Katika nchi ya chai hawajaadimika hata kidogo. Wamo mashambani na viwandani, kwenye vituo vya bodaboda vya Litein na Silibwet, na kanisani pia. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kauli ya mama katika kuamua ni yupi kati yao atakayemfunza mwanawe.

Desturi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, haikumwachia baba mmoja kazi ya kumkuza mvulana. Wakati wa jando, tumdo, wavulana hutengwa katika menjo na kufundishwa na motiriot, ambaye si lazima awe na udugu nao. Wakitoka huko wana rika, ibinda, linalowafunga maisha yao yote: Maina, Chumo, Sawe na mengineyo, majina yanayorudi kwa mzunguko kizazi baada ya kizazi. Wanaume wa rika la baba hupewa heshima ya baba. Mjomba naye ana uzito wake. Baraka yake hutafutwa na laana yake huogopwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, unatoka mahali ambapo watetezi wa mila hawapendi kutazama. Miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto waliozaliwa wakawa warithi wa nyumba yake. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyeandika kuhusu ndoa hiyo kwa Wanandi mwaka 1980, alionyesha kwamba mwoaji huyo alihesabiwa kuwa mwanamume hasa panapohusika mali na urithi. Katika shughuli nyingi nyingine maisha yake yaliendelea kufanana na ya wanawake. Maana yake ni kwamba jamii hii ilikwisha kutenganisha ubaba wa urithi na mafunzo ya uanaume. Mvulana wa nyumba ile hakuitwa yatima wa baba. Alikuwa na nyumba, alikuwa na jina, na uanaume alifunzwa na wengine. Anayesema leo kwamba mama pekee hawezi kulea mwanamume kwa kuwa mila hairuhusi, anaitaja mila asiyoijua.

Mashamba makubwa yalibadilisha mambo. Tangu kampuni kama Brooke Bond zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, familia nyingi zimeishi kambini, katika nyumba inayotolewa pamoja na kazi na kuondoka pamoja nayo. Mvulana wa kambini humwona kila siku mwanamume mwenye mamlaka: nyapara, anayempangia mama yake sehemu ya kuchuma. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulitangaza ushuhuda wa wanawake zaidi ya 70 waliosema walidhalilishwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Habari hiyo ilijadiliwa kama suala la kazi na haki za wanawake, na ilistahili. Lakini ni suala la malezi vilevile. Mtoto anayejua kwamba kibarua cha mama kinategemea matakwa ya mwanamume fulani amekwisha kupata kielelezo cha uanaume kabla hata hajatafutiwa kingine.

Sheria imefika mbali kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha mtoto wa nje ya ndoa bila ridhaa ya baba huyo au uthibitisho wa ndoa. Mahakama inaweza kumdai mtu karo. Haiwezi kumwamuru akae na mwanawe jioni.

Wengine huelekeza macho ya vijana kwa mashujaa. Kericho ilikuwa na Wilson Kiprugut Chumo, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964. Ni fahari halali, ila shujaa wa mbali hamwoni mvulana anaporudi nyumbani amelewa.

Hivyo tunarudi kwenye menjo, ambayo sasa imebanwa katika wiki chache za likizo ya mwisho wa mwaka. Muda umepungua, lakini uzito wa motiriot haujapungua, kwa maana kwa mvulana asiye na baba huenda huyo ndiye mwanamume wa kwanza kuketi naye kwa makusudi ya kumfunza. Mipango hiyo huzungumzwa na wanaume. Mama asiye na mume hutoa pesa na chakula, kisha husubiri.

Hoja ya kupinga ni kwamba mambo ya menjo ni siri, na siri hiyo haimhusu mwanamke. Nakubali sehemu ya kwanza. Siri inafunika kinachofundishwa, haifuniki anayefundisha. Motiriot hatoki mwituni: ana mke, ana deni dukani, watoto wake wanasoma au wamefukuzwa kwa kukosa karo. Mama anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai cha Mogogosiek anawajua wanaume wanaopanga foleni mbele ya mizani. Anajua nani hupotea siku tatu bonasi ikiingia, na nani husaidiana na mkewe kubeba mzigo wa majani. Taarifa hizo ni bora kuliko barua ya mchungaji. Bado hazina mahali pa kusemewa katika kikao cha wazee kinachoandaa jando, na kumpa mama kiti hapo, au angalau haki ya kukataa jina moja, hakugusi siri yoyote.