Televisheni Katika Njia ya Misafara

Katika historia ya nchi yetu upo mfuko mmoja wa barua ambao kila anayetaka kuandika juu ya safari ya habari hana budi kuukumbuka. Mfuko huo ulifungwa Unguja mwezi wa Novemba 1870, nao ulikuwa na barua za Dakta Livingstone, zipelekwe Ujiji. Njia yake ilikuwa ile kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, kisha Tura, Rubuga na Kigwa, hata ikaingia Unyanyembe, ilipo Tabora. Wapagazi waliokabidhiwa mzigo huo walikawia pwani. Na walipofika Unyanyembe, vita vya Mirambo na Waarabu vikaifunga njia ya mbele. Stanley, ambaye yeye mwenyewe alitembea kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe kwa muda wa miezi 3 hivi katika mwaka 1871, aliukuta mfuko huo umelala Kwihara. Ndiye aliyeufikisha Ujiji, baada ya mwaka mzima tangu ufungwe.

Hapo pana fundisho. Njia ilikuwapo, na miguu ya Wanyamwezi ilikuwa mepesi kupita miguu yote ya bara. Habari haikuchelewa kwa kuwa nchi ni pana. Ilichelewa kwa uamuzi na kwa ugomvi wa watu. Nami nadhani kwamba yeyote atakayechungua jinsi televisheni ilivyoingia Tanzania ataona mambo yale yale: chombo kilikuwapo mapema, na kukawia kwake kulikuwa ni jambo la hiari.

Vyombo vilivyotangulia havikukawia hivyo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa safari ya siku. Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Na baada ya Uhuru sauti yake ikazidi kuenea, hata mkulima wa tumbaku katika Unyamwezi akaweza kusikia maneno yale yale, saa ile ile, pamoja na karani wa Dar es Salaam. Usawa huo haukupata kuonekana katika zama za misafara, ambapo mwenye nyumba kando ya njia ndiye aliyejua mambo ya pwani, na aliyekaa mbali alipata makombo.

Ndipo ikaja televisheni. Kenya iliianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Tanganyika, iliyopata uhuru wake kabla ya hao wote wawili, haikufuata. Si kwamba ilisahau; ilikataa. Hoja ya Serikali ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kujibu: chombo hiki ni ghali, chahitaji umeme, na mawimbi yake hayaendi mbali na mnara, basi kitamfaa nani? Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ilikuwa na watu wapatao milioni 12, na zaidi ya tisa katika kila kumi waliishi nje ya miji. Kuweka kituo Dar es Salaam ilikuwa ni kuwatoza wakulima wa Kigwa na wa Sikonge ili wachache wa mjini wastarehe jioni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jambo kama hilo lingekuwa gumu kulitetea. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amesoma katika shule ya Tabora, mbali na pwani, naye alifahamu umbali uliopo baina ya mji mkuu na bara.

Wala kukataa huko hakukuwa kutupu. Redio ilipewa kazi ambayo wengine waliifikiria kuwa ni ya televisheni. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Yafaa kukumbuka kwamba wasikilizaji hao hawakuketi kimya mbele ya chombo. Walikitumia kama mwenge wa kuwamulikia kazi yao.

Lakini ng'ambo ya mkondo wa bahari mambo yalikuwa mengine. Utangazaji haukuwa miongoni mwa mambo ya Muungano, na Zanzibar ikashika njia yake. Mwanzoni mwa 1974, zilipoadhimishwa sherehe za miaka 10 ya Mapinduzi, Televisheni Zanzibar ilifunguliwa, tena yenye picha za rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zatazama picha nyeusi na nyeupe. Visiwa ni vidogo, mnara wafika mbali, na vyombo viliwekwa mahali pa hadhara ili asiye na chake atazame pamoja na wenzake. Kwa hiyo lile swali la bara, yaani nani ataona, Zanzibar ililijibu kwa vitendo. Nchi moja ikawa na hukumu mbili juu ya chombo kimoja; na kila moja, kwa mahali pake, ilikuwa na haki.

Basi kosa, kama lipo, li wapi? Kwa maoni yangu, halimo katika kukataa, bali katika kukaa bila ya kujiandaa. Bara ilikaa miaka 20 baada ya Zanzibar bila ya kituo. Katika muda huo hawakufunzwa mafundi wa kutosha, wala haikujengeka ghala ya michezo na hadithi za Kiswahili za kuonyeshwa kwa picha. Mlango ulipofunguliwa, haukufunguliwa na mkulima wala kwa ajili yake. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 vikatokea CTN, DTV na ITV, vyote Dar es Salaam. Kituo cha Serikali kilikuja baadaye, karibu na mwanzo wa karne ya 21. Soko likatangulia, dola ikafuata. Sehemu kubwa ya vipindi ilitoka nchi za nje, mpaka vikundi vya maigizo kama Kaole vilipowafanya watu wakimbilie nyumbani jioni kutazama watu wa kwao wakisema lugha yao.

Mwalimu alipofariki Oktoba 1999, wenye vyombo walitazama kwa macho yao jeneza lake likirudishwa nchini. Wengine, nao ndio waliokuwa wengi, walisikiliza redio. Siku hiyo ile hoja yake ya zamani ilionekana wazi, wala hapakuwa na haja ya mtu kuisema.

Katika vijiji vingi vya bara picha hazikushuka kutoka angani. Zilikuja kwa basi na kwa baiskeli, ndani ya kaseti, zikaonyeshwa katika banda la video kwa nguvu ya jenereta, kila mtu akitoa kiingilio chake mlangoni. Kisha zikaja ungo za setilaiti; na tangu tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam, halafu mikoani kwa zamu, ili nchi iingie katika dijitali. Picha ikawa safi, idadi ya vituo ikaongezeka. Lakini mwenye antena ya zamani aliambiwa anunue king'amuzi, na kwa vingi alivyotaka kuona alipe kila mwezi. Misafara ya kale nayo ilitozwa hongo katika kila himaya iliyopita. Tofauti ni kwamba zamani alitozwa mwenye mzigo. Leo hutozwa mwenye kuupokea.

Lipo na jambo la pili, lisilohusu fedha za mtazamaji. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, halitaonyesha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa desturi. Sababu iliyotajwa ni gharama. Watu wengi walilalamika, na malalamiko hayo yalithibitisha kwamba televisheni ilikwisha kuacha kuwa anasa. Kitu cha anasa kikiondolewa, watu husikitika; kikiondolewa kitu cha haki, watu hudai. Swali la miaka ya 1960 lilikuwa: nani ataona? Sasa limepata ndugu yake: nani ataamua kinachoonekana?

Maswali haya mawili yanategemeana. Asiyefikiwa na picha hana njia ya kulalamika kwamba imefichwa. Na aliyefikiwa na picha iliyochaguliwa na mwingine amefikiwa nusu tu. Waliokataa televisheni katika miaka ya mwanzo ya Uhuru waliuliza swali la kwanza kwa ushujaa, na wastahili heshima kwa hilo. Waliofungua mlango mwaka 1994 walitupa chombo, lakini waliliacha swali njiani. Ni juu yetu kulirudia na kulichukua, maana halijazeeka.

Ule mfuko wa barua ulilala Kwihara ilhali mwenyewe yu hai, akingoja. Mzigo wa habari una mwenyewe, naye si mpagazi, wala si mwenye ghala, wala si mtoza hongo. Ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Kwa televisheni ya taifa, jina hilo ni la mwananchi, akae Dar es Salaam au akae Kigwa.