Waifai inapoyumba baada ya kompyuta kujisasisha

WILAYANI Kilosa, mkoani Morogoro, steshenari ni zaidi ya mahali pa kutoa kopi. Humo ndimo wahitimu wa kidato cha sita wanamojazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ndimo wafanyabiashara wanamochukulia kontroli namba za malipo ya serikali, na tangu treni ya SGR ilipoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, ikiwa na kituo Kilosa, ndimo wengine wanamokatia tiketi. Kwa hiyo kompyuta inapoamka asubuhi ikiwa imejisasisha usiku, kisha waifai yake ikaanza kushika na kuachia kila baada ya dakika chache, hasara haiwi ya mwenye duka peke yake. Fomu iliyokatika katikati hujazwa upya, na tarehe ya mwisho haisogei.

Hali haitofautiani sana na ya Mikumi, mji ulio ndani ya wilaya hiyohiyo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Huko nyumba za wageni zinazotegemea watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hupokea maombi ya vyumba kwa barua pepe na kwa WhatsApp, na mgeni asiyejibiwa kwa wakati hutafuta kwingine.

Watumiaji wengi, hali hiyo inapowakuta, hukimbilia kuilaumu kampuni ya simu. Hubadili laini, hununua bando jingine, na mwishowe huipeleka kompyuta kwa fundi, ambaye pengine dawa yake kwa kila ugonjwa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Gharama ya njia hiyo si fedha pekee, kwani mafaili ambayo hayakuhifadhiwa kwingine huondoka nayo, zikiwamo picha, mahesabu ya duka na barua za miaka mingi. Mara nyingi tatizo lenyewe huwa dogo kuliko tiba hiyo, na anayeweza kulitambua ni mtumiaji mwenyewe, akiwa na simu yake na waya wa kuchajia.

Kinachobadilika

Ndani ya kila kompyuta mpakato mna kadi ndogo ya waifai, ambayo kwa kweli ni redio inayopokea na kurusha mawimbi. Kadi hiyo haizungumzi na mfumo endeshi moja kwa moja. Kati yao yuko mkalimani, programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Windows inapojisasisha huweza kuleta draiva mpya, au ikabadilisha kanuni zake za ndani huku draiva ikibaki ileile ya zamani. Kwa vyovyote vile, mkalimani na bwana wake wanaweza kuacha kuelewana. Dalili yake si lazima iwe kukosa mtandao kabisa. Alama ya waifai huweza kuonekana imejaa huku kurasa hazifunguki, au mtandao ukakatika pale kompyuta inapoachwa kidogo bila kuguswa, kisha ukarudi wenyewe.

Dalili hiyo ya mwisho huelekeza kwenye suala la umeme. Windows ina mpangilio unaoiruhusu kuizima kadi ya waifai ili kuokoa betri, na draiva mpya inapowekwa mpangilio huo huweza kurudi hata kama awali uliondolewa.

Iko pia sababu ambayo si ubovu hata kidogo. Baada ya sasisho kubwa, kompyuta huendelea kwa saa kadhaa kuvuta vipande vilivyobaki na kusasisha programu nyingine chini kwa chini. Kwenye bando dogo la simu, intaneti huonekana kuyumba kumbe inaliwa.

Makosa ya aina hii yamekwisha kuwapata hata watengenezaji wakubwa. Desemba 2016, watumiaji wa Windows 10, hasa nchini Uingereza, walijikuta kompyuta zao hazipati tena anwani ya mtandao kutoka kwenye ruta. Masasisho ya Juni 2022 ya Windows 10 na Windows 11 yaliharibu hotspoti: kompyuta iliyokuwa ikigawa intaneti kwa vifaa vingine iliweza kuipoteza yenyewe mara kifaa kingine kilipojiunga nayo. Steshenari yenye modemu moja, iliyochomekwa kwenye kompyuta moja inayozigawia nyingine, ndiyo hasa inayoumizwa na kosa la namna hiyo. Kisha Desemba 2023, baadhi ya kompyuta za Windows 11 zilishindwa kuingia katika waifai za vyuo na ofisi ambazo humtaka kila mtu ajitambulishe kwa jina na nywila yake. Microsoft ilikiri tatizo na kuyarudisha nyuma mabadiliko yaliyolisababisha.

Simu nazo hazikusalimika. Toleo la iOS 14 la iPhone, lililotoka Septemba 2020, lilianza kuipa kila waifai anwani tofauti ya kifaa ili mwenye simu asifuatiliwe. Nia ilikuwa njema, lakini ruta zilizopangwa kukubali vifaa vilivyosajiliwa tu ziliwaona wateja wao wa zamani kuwa wageni. Mwenye nyumba ya wageni anayegawa waifai kwa orodha ya vifaa anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kubishana na mteja.

Kipimo cha waya wa simu

Intaneti inayofika kwenye meza ya steshenari hupita katika safari tatu: kutoka kompyuta hadi kwenye ruta au simu, kutoka hapo hadi kwenye mnara, na kutoka mnarani hadi duniani. Kazi ya kwanza ni kujua ni safari ipi inayokatika, na hapo ndipo waya wa kuchajia unapohitajika.

Mtumiaji azime waifai ya kompyuta, aichomeke simu yake ya Android kwa waya, kisha katika mipangilio ya hotspoti ya simu achague kugawa intaneti kwa njia ya USB. Afanye kazi zake hivyo kwa nusu saa. Ikiwa intaneti imetulia kupitia waya, ilhali simu hiyohiyo na laini hiyohiyo huyumba kwa waifai, basi mnara hauna hatia. Kosa lipo kati ya kadi ya waifai, draiva yake na mawimbi ya chumbani. Ikiwa inakatika hata kwa waya, hakuna sababu ya kuifungua kompyuta. Tatizo liko kwenye simu yenyewe au mbele yake.

Wenye kutumia ruta wana njia nyingine. Katika dirisha jeusi la amri, amri ya ipconfig huonyesha anwani ya ruta kwenye mstari wa Default Gateway, aghalabu 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Ukiandikwa ping -t ukifuatiwa na anwani hiyo, kompyuta huanza kuibishia hodi ruta bila kukoma. Dirisha la pili hufanyiwa hivyohivyo kwa anwani 8.8.8.8, iliyo nje kabisa kwenye intaneti. Majibu yakikatika katika madirisha yote mawili kwa wakati mmoja, kuna hitilafu kati ya kompyuta na ruta. Yakikatika ya nje tu, ruta inasikika vema na lawama ni ya huko mbele.

Na huko mbele kuna mengi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa ameisasisha kompyuta yake siku hiyo angeweza kuapa kwamba Windows ndiyo iliyomharibia.

Mji wa Kilosa, uliokaa chini ya milima kando ya Mto Mkondoa, unaongeza lake, kwa kuwa mawimbi ya simu hupungua nguvu mlima unapoingia kati ya mnara na nyumba. Bati nalo hurudisha mawimbi. Chumba chenye bati juu na kuta nene pembeni huweza kuwa na simu isiyosoma vema ilhali barazani inasoma. Kuisogeza ruta ya laini dirishani, upande uliko mnara, kumewahi kumaliza matatizo ambayo fundi asingeyaona.

Pa kuanzia

Tatizo likishabainika kuwa ni la kompyuta, tiba huanza na jambo jepesi kuliko yote, nalo lina mtego. Tangu Windows 8, kuizima kompyuta kwa Shut down si kuizima kikamilifu, kwa sababu sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili uwashaji ufuatao uwe wa haraka, na kosa huweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Ushauri wa Microsoft katika mkasa ule wa Desemba 2016 ulikuwa huohuo.

Hatua ya pili ni kuiamuru kompyuta iisahau waifai husika, kisha kuingia upya kwa nywila. Wakati huohuo inafaa kutazama saa na tarehe. Kompyuta kuukuu ambayo betri ndogo ya ubao wake imekufa hurudi miaka ya nyuma kila inapokosa umeme, na tovuti salama, zikiwamo za serikali na benki, hukataa kufunguka kwa kompyuta yenye tarehe ya uongo. Kwa mtazamaji huonekana kama intaneti imekatika.

Baada ya hapo huja Device Manager, mahali panapoorodheshwa vifaa vyote vya kompyuta. Kadi ya waifai ipo chini ya Network adapters. Katika ukurasa wake wa Power Management, alama ya kuruhusu kifaa kizimwe iondolewe. Katika ukurasa wa Driver kuna kitufe cha Roll Back Driver, kinachorudisha draiva iliyokuwapo kabla ya sasisho. Kwa tatizo lililoanza siku ya kusasisha, hicho ndicho kitufe chenye thamani kuliko vyote. Kikionekana kimefifia, maana yake kompyuta haikuhifadhi draiva ya zamani, na itabidi itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta hiyo, kwa jina kamili la modeli.

Yupo pia mtumiaji ambaye draiva yake ni nzima lakini kompyuta imeanza kupendelea mawimbi ya GHz 5 badala ya GHz 2.4. Mawimbi ya GHz 5 yana kasi, ila huchoka haraka yanapokutana na ukuta. Aliye chumba cha tatu kutoka kwenye ruta hana budi kurudi kwenye GHz 2.4, polepole lakini yenye kufika.

Kuweka upya mitandao yote kwa Network reset kuachwe hadi mwisho, kwa kuwa hufuta waifai zote zilizohifadhiwa pamoja na nywila zake. Asiyezikumbuka nywila hizo aziandike kwanza.

Je, masasisho yazimwe?

Wapo mafundi wanaoyazima masasisho moja kwa moja na kumwambia mteja kwamba sasa amepona. Ushauri huo ni mbaya. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, kikipitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeuziba kwa sasisho la Machi mwaka huohuo. Waliosasisha ufa wao ulikuwa umezibwa. Windows 10, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za mitumba, ilifikia ukomo wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na nyingi kati ya mashine hizo hazikidhi masharti ya Windows 11.

Lililo la busara ni kuyachagulia wakati. Mipangilio inaruhusu kuyasimamisha kwa hadi wiki tano, muda unaotosha kupisha msimu wa maombi. Waifai ya simu ikiwekwa alama ya kuwa ya kulipia, Windows hupunguza kuvuta mizigo mikubwa bila kuuliza, na bando hupumua. Sasisho la mwezi lililoleta madhara huweza kuondolewa kupitia historia ya masasisho, na aliyehamia toleo jipya zima ana siku 10 tu za kurudi alikotoka; zikipita, mafaili ya toleo la zamani hufutwa. Sasisho lisianzishwe wakati umeme unakatikakatika, isipokuwa betri imejaa, kwa kuwa kompyuta iliyozimika katikati ya kazi hiyo huweza kukataa kuwaka.

Zaidi ya hayo, draiva ya waifai ya modeli husika ipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi, maana siku waifai itakapogoma, kompyuta hiyo haitakuwa na njia ya kuifuata yenyewe isipokuwa ule waya wa simu.