Mvua ya Sebuleni

Taa ya Guka ina sanamu ya mwanamke wa Kigiriki aliyezungukwa na nyuzi nyembamba. Ukiiwasha, matone ya mafuta yanashuka polepole kwenye nyuzi hizo, balbu ya juu inayamulika, na unaona mvua. Chini kuna pampu ndogo inayorudisha mafuta juu, yapite tena kwenye vitundu na kuteremka. Nyuzi zenyewe ni nailoni ya kuvulia samaki, basi. Marekani ya miaka ya 1970 iliipenda sana hii kitu: mungu wa kike wa rangi ya dhahabu, majani ya plastiki, mvua isiyolowesha zulia.

Guka alienda huko kusoma enzi za ndege za Tom Mboya. Ile ya kwanza, 1959, ilibeba wanafunzi 81. Yeye alifuata baadaye. Alirudi 1975 na digrii, taa, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia, kwa sababu taa ni ya volti 120 na stima yetu ni 240. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili. Kwa hivyo Shosho aliponiambia niitengeneze, niliusikia kama mtihani wa marudio.

Ilizimwa 2000. Kama ulikuwa mdogo, uliza wazazi: kiangazi kilipunguza maji kwenye mabwawa ya Mto Tana, na stima ikaanza kugawanywa kwa zamu. Taa ya mvua ikazimwa na ukosefu wa mvua. Guka aliifunika na shuka, akasema ingoje. Mvua iliporudi yeye hakuwepo, na hakuna aliyeitoa shuka.

Nilipoiwasha, pampu ilinguruma lakini hakuna kilichopanda. Mafuta yalikuwa gundi ya rangi ya asali. Shosho akakiri kwamba miaka ya tisini, yale ya asili yalipopungua, waliongeza ya kupikia. Hayo yakikaa kwenye hewa miaka mingi huharibika na kunata. Taa hii inataka mafuta ya madini. Siku tatu zikaisha kwa maji moto, sabuni, na sindano ya kuzibua kitundu kimoja kimoja.

Fundi mmoja mjini akaniambia niweke parafini. Nilikuwa karibu kumsikiliza. Parafini ya stovu karibu na balbu ya moto hutoa mvuke unaoweza kushika moto. Ningechoma nyumba ya Shosho. Shida ni jina, kwa sababu mafuta niliyohitaji pia huitwa parafini, ila ni yale mazito, yasiyo na rangi, yanayouzwa kemisti kwa waliofunga choo. Niliomba chupa sita. Dada wa kemisti aliniuliza kwa upole tatizo limeanza lini.

Jumapili jioni ikanyesha. Lakini polepole kuliko kwenye video nilizotazama, na moyo ukanishuka. Baadaye nikaelewa: transfoma inapunguza volti tu. Umeme wa Marekani hupiga mawimbi 60 kwa sekunde, wetu 50, na mota ndogo kama hii hufuata mawimbi. Pampu haijawahi kukimbia hapa kama ilivyokimbia kwao.

Nikaanza kumweleza Shosho. Alikuwa ameshavuta kiti karibu.

"Zima hiyo taa ingine," akasema.